Ndoo ya Wiyoni

Punda wa kwanza alikuwa ameshapita na watu wanapiga vifijo, lakini mimi macho yangu yalikuwa kwenye ndoo. Ilikuwa ndoo nyeupe ya lita ishirini, ya yale mafuta ya kupikia yanayouzwa kwa jumla, mfuniko wake umefungwa kwa leso iliyopauka. Kijana wa miaka kumi na miwili hivi alikuwa ameikalia pale ukingoni mwa bahari, mbele ya mji wa Lamu, siku za Maulidi. Kila mara mtoto mmoja humjia, yeye hunyanyuka, hufungua, hutoa kitu, hufunga, hukaa tena. Hakuna aliyelia wala aliyevutana nguo na mwenzake. Hatua chache kutoka hapo, baba mmoja mwenye watoto wanne alikuwa akisoma bei zilizobandikwa mlangoni mwa mkahawa. Alizisoma, akazisoma tena, kisha akawashika watoto mikono wakaondoka.

Nikamuuliza kijana ile ndoo imetoka wapi. "Wiyoni," akasema. "Kwa nyanya."

Maulidi ya Lamu msomaji anayajua: Mfungo Sita, Msikiti wa Riyadha alioujenga Habib Swaleh, matwari, zefe, mbio za punda na za mashua, na mji mzima kufurika jamaa kutoka Faza, Kizingitini, Siyu, Mombasa na kwingineko. Anachojua kila mtu pia, ila hakiandikwi kwenye mabango ya utalii, ni kwamba wageni walio wengi hawalali hotelini wala hawali mkahawani. Wanakuja na watoto, wanakaa siku kadhaa, na wanakula. Wanakula kwa nani?

Wiyoni iko kaskazini mwa mji, baada ya zile nyumba za mawe zilizoingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2001. Huku watalii hawapigi picha. Mama mwenye ndoo alikubali kuzungumza kwa sharti jina lake lisitokee gazetini, maana, alivyosema, wageni wake husoma, nao wakisoma watadhani wamesimangwa. Basi nimwite Bi Mkubwa, kama wanavyomwita wote pale nyumbani.

Nilimwomba anipangie ndoo nione. Alicheka, kisha akaipanga kwa makini.

Kwanza huwekwa bakuli lenye mfuniko, na ndani yake samaki. Siku ile walikuwa tafi waliokaangwa wakakauka, kila mmoja amekatwa vipande na kuviringishwa kwenye karatasi ya gazeti. ("Kazi yenu naiona," akaniambia.) Juu ya bakuli hutandikwa kitambaa safi, kisha mahamri. Juu ya mahamri, kitambaa kingine, kisha muhogo wa kukaanga uliotiwa chumvi, pilipili na ndimu. Juu kabisa, chupa za maji. Nikamuuliza mbona samaki, ambaye ndiye kitoweo, amezikwa huko ambako mkono haufiki.

"Ndipo mahali pake, mwanangu. Samaki hukaa tini. Ukimweka yuu ataliwa peke yake, aishe, halafu mtoto akwambie ndaa ingalipo. Naanywe mai kwanza, ale muhogo, ale hamri. Akifika kwa samaki tumbo lishatulia. Hapo kipande kimoja chamtosha, na atakula kwa adabu."

Maji juu, muhogo, mahamri, samaki chini. Mpangilio wa ndoo ndio mpangilio wa kula, na kijana aliyeikalia kazi yake ni kulinda zamu tu. Mtoto mdogo hapewi nafasi ya kuchagua. Hata Disney World kule Florida, ambako familia hutumia fedha nyingi kwa siku moja kuliko nyingine zinavyotumia kwa mwezi, mgeni huruhusiwa kuingia na chakula chake, mradi asilete pombe wala chupa za vioo. Kubeba chakula, basi, si jambo geni duniani. Lakini wangapi wamewahi kufikiri kitu gani kiwe chini?

Bi Mkubwa ana kanuni nyingine, ambayo naona ndiyo mzizi wa mambo: mtoto halishwi barabarani, halishwi kwa sababu amenusa. Watoto hutoka nyumbani wameshiba mbaazi za nazi na chai. Barafu, ubuyu na achari ya embe huko mjini ni vingi, na harufu ya mishkaki haina mlango. Kila mtoto ana sarafu yake, lakini hukabidhiwa baada ya Alasiri, si kabla. "Ukimpa asubuhi ataila asubuhi. Kisha ataila na ya mwenziwe."

Jioni huwa ni wali kwenye sinia. Nazi hukunwa kwa mbuzi, ikatiwa maji kidogo na kukamuliwa. Tui hilo zito huwekwa kando kwa ajili ya mchuzi. Machicha yanayobaki hutiwa maji tena na kukamuliwa mara ya pili, na tui hilo jepesi ndilo linalopikia wali. Siku wageni wanapozidi, hukamua mara ya tatu, na wali ukatoka na harufu ya nazi kuliko nazi yenyewe. Mchuzi wenyewe mara nyingi ni wa papa mkavu. Kipande kisichozidi kiganja, kikikolea ukwaju na nyanya, hutia ladha sufuria nzima, jambo ambalo samaki mbichi wa bei hiyo hawezi.

Na samaki mbichi, anasema, bei yake haishikiki. Wavuvi wanalalamika kwamba tangu ujenzi wa bandari ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilianza kazi Mei 2021, wanalazimika kwenda mbali zaidi. Mahakama Kuu iliagiza mwaka 2018 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Yeye hesabu yake ni fupi: fidia haijawahi kuingia kwenye sufuria yake, safari ndefu ya mashua imeshaingia. Kuni nazo zina kisa chao. Februari 2018 serikali iliposimamisha ukataji wa miti, mikoko pia iliguswa, na mtaa ulioishi kwa boriti ukakosa kazi, ukakosa na vipande vya kuwashia moto. Mwaka ule, anakumbuka, wageni walikuja vilevile.

Wageni huleta nini? Hapa alinyamaza kidogo, akachagua maneno. Wa Kizingitini huleta samaki. Wa Mombasa huleta sukari na mchele. Wa Nairobi hutuma pesa kwa simu, nazo hufika soko likiwa limeshafungwa. "Wa Nairobi wapiga picha sana," akaongeza, akacheka tena.

Nikamuuliza mbio za punda alizitazama lini mara ya mwisho.

"Mbio? Mimi huzisikia kwa kelele."

Sijui niseme nini kuhusu hilo. Familia nzima hula siku kadhaa za sikukuu kwa gharama ndogo kuliko chakula cha mchana kimoja cha mkahawani, na tunaita hiyo busara ya kubana matumizi. Lakini saa za mtu mmoja, tangu Alfajiri hadi baada ya Isha, hazimo katika hesabu ya yeyote. Si shemeji wa Mombasa aliyezihesabu, wala mpwa wa Nairobi. Ukarimu, tunasema. Naam, lakini ni ukarimu wa nani, na zamu yake yeye kukaa ukingoni na kula hamri itafika lini?

Bintiye, aliyemaliza kidato cha nne, ana jibu ambalo mama halitaki. Anataka kuipanga ndoo ile ile, mara tatu au nne, akaiuze kwa mafungu pale Mkunguni, mbele ya Ngome, kwa wale akina baba wanaosoma bei milangoni. Muhogo, hamri mbili, kipande cha tafi. Amenionyesha hesabu yake kwenye daftari la shule, na inasimama. Mama anasema chakula cha wageni wa Mtume hakiuzwi. Binti anauliza kuni zinanunuliwa na nani. Mama anamwambia kuni ni zake yeye mama, na binti anasema ndilo hilo hasa analolisema.

Walikuwa bado wanabishana nilipoaga. Bei ya kukodi meza binti ameshaiulizia.