Bango la Mwanafunzi na Sheria ya Inchi



Mtoto wako anasoma chuo kikuu hapa Bunia. Amebeba bango la kulaumu wakubwa. Je, ana haki? Anayo. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 23, inampa kila mtu uhuru wa kutoa wazo lake kwa kusema, kwa maandishi na kwa picha, ila aheshimu sheria, utulivu na adabu njema. Kifungu cha 26 kinalinda maandamano. Wanaotaka kuandamana wajulishe wakubwa kwa barua. Kujulisha, si kuomba ruhusa; hapo ndipo watu wengi wanachanganya, hata wenye vyeo.

Haki hii ilipatikana kwa machozi. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium, Kinshasa, waliandamana kwa ajili ya posho yao ya masomo, na askari wakawapiga risasi. Miaka miwili baadaye, Juni 1971, wenzao walifanya maombolezo ya kuwakumbuka. Lakini mama yake Mobutu alikuwa amefariki mwezi wa tano, na serikali ikasema hayo ni matusi kwa marehemu. Wanafunzi zaidi ya 2,000 waliingizwa jeshini kwa nguvu, chuo kikafungwa. Tazameni: kulilia wafu kuligeuzwa kosa.

Na sisi wa Ituri tuna wafu wengi. Mwanafunzi akibandika picha za waliouawa na kudai ulinzi, hajavunja sheria, hata kama picha zinachoma moyo. Akiandika chini yake kwamba kabila fulani lifukuzwe, hapo ameingia mikononi mwa sheria ya tarehe 7 Juni 1966 inayokataza ukabila. Shefu, kabla ya kuita polisi, soma kwanza maneno ya bango, usisome jina la aliyelibeba.

Mkumbuke pia kwamba utawala wa kijeshi ulioanza hapa tarehe 6 Mei 2021 uliwapa wanajeshi uwezo wa kuzuia mikutano waliyoona italeta fujo. Kwa hiyo barua ya maandamano iandikwe mapema, ipelekwe mkononi, na nakala yenye muhuri na tarehe ibaki kwa wanafunzi. Tena kifungu cha 26 kinasema: hakuna anayelazimishwa kuandamana. Mtoto anayebaki darasani asiitwe msaliti.