Kulala melini Stockholm kwa bei ya hosteli: unapata nini, unakosa nini?

Stockholm, mji mkuu wa Sweden, hauna huruma na mfuko mwepesi. Hoteli za katikati ya mji ni ghali. Lakini ipo meli nyeupe ya milingoti mitatu ambako msafiri wa kawaida analala akitazamana na kasri la mfalme, ng'ambo ya maji.

Inaitwa af Chapman. Iliundwa Uingereza mwaka 1888, ikabeba mizigo, kisha ikawa meli ya mafunzo ya wanamaji wa Sweden. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilinusurika kukatwakatwa kuwa chuma chakavu, na mwaka 1949 ikafunguliwa kama hosteli. Haisafiri tena. Imetia nanga kisiwani Skeppsholmen, na kutoka hapo mji wa kale unafikika kwa miguu.

Unafuu wa bei unatoka wapi? Kwenye nafasi. Kabini ni finyu, vitanda ni vya juu na chini, na vyoo na mabafu mara nyingi ni vya kuchangia. Mwenye begi kubwa atapata tabu.

Kabla hujalipa, hakikisha mambo matatu:

1. Unalipia kitanda kimoja au kabini nzima?

2. Mashuka na taulo vimo kwenye bei?

3. Chumba kiko melini kweli? Hosteli hiyo ina pia jengo la nchi kavu. Ukibuku harakaharaka, meli utaishia kuiona dirishani.