Kupinga uamuzi wa wasuluhishi katika migogoro ya ujenzi

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uamuzi wa wasuluhishi juu ya mgogoro wa ujenzi haukatiwi rufaa. Tangu Septemba 12, 2012, nchi inafuata sheria za OHADA, jumuiya ya nchi 17 za Afrika zenye sheria za pamoja za biashara. Sheria yake ya usuluhishi, iliyorekebishwa Conakry mwaka 2017, inazibana pia serikali na mashirika ya umma: yakishasaini kifungu cha usuluhishi, hayawezi kukikana kwa kisingizio cha sheria za ndani.

Aliyeshindwa anaweza kuomba uamuzi ubatilishwe, na sababu zinazokubalika ni sita. Mapatano ya usuluhishi hayakuwapo, yalikuwa batili au muda wake ulikwisha. Wasuluhishi waliteuliwa kinyume cha utaratibu. Walitoka nje ya kazi waliyopewa. Upande mmoja ulinyimwa nafasi ya kujibu. Uamuzi unakiuka misingi mikuu ya haki inayotambuliwa kimataifa. Au haukutoa sababu. Kosa la kutafsiri mkataba halimo.

Huko Bunia, makao makuu ya mkoa wa Ituri, kukosa rufaa ni jambo zito. Ituri imekuwa chini ya utawala wa kijeshi wa dharura tangu Mei 6, 2021. Mkandarasi aliyesimamisha kazi ya barabara kwa sababu ya mapigano atadai muda wa nyongeza na fidia. Mwenye mradi atamdai faini ya kuchelewa. Wasuluhishi wakisema hatari hiyo ilijulikana siku ya kusaini, hakimu haruhusiwi kuupima ushahidi upya, hata kama yeye angeamua vingine. Kwa hiyo daftari la kazi za kila siku na barua za kuarifu hali ya usalama lazima vifike mbele ya wasuluhishi wenyewe. Hakimu anaweza kuingilia iwapo, kwa mfano, walitegemea ripoti ya mhandisi ambayo mkandarasi hakuonyeshwa.

Ombi huletwa ndani ya mwezi mmoja tangu kuarifiwa uamuzi, na mahakama ina miezi 3 ya kuamua. Ikinyamaza, mwombaji ana siku 15 za kwenda Mahakama ya Pamoja ya OHADA, Abidjan. Wakati huo wote malipo husimama, isipokuwa wasuluhishi waliamuru yafanyike mara moja. Uamuzi ukibatilishwa, upande wowote unaweza kuanzisha usuluhishi upya, ila pale ilipoonekana kwamba hapakuwa na mapatano halali ya usuluhishi.