Kitabu cha Watalii Kinasema Nini Juu Yetu?

Ndugu wafanyakazi, watalii wengi wafikao Rusizi huja na kitabu mkononi. Kimojawapo ni kile cha Philip Briggs na Janice Booth, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2001. Hapa Nyakabuye tulikisoma baada ya kazi, mmoja akisoma, mwingine akitafsiri.

Vitabu vya namna hii husifu msitu wa Nyungwe, sokwe wake na daraja la juu ya miti lililofunguliwa mwaka 2010. Husifu pia kijani cha mashamba ya chai. Mchumaji mwenye kikapu mgongoni yumo pichani kama pambo. Ujira wake hauulizwi. Nayo amashyuza, maji yetu ya moto, wazee waliyaoga kabla mtalii hajayasikia!

Lakini tusikitupe kitabu. Tangu mwaka 2017, katika kila faranga 100 za mapato ya utalii wa hifadhi, 10 hutengwa kwa wananchi majirani. Zamani zilikuwa 5. Mwaka 2023 UNESCO iliiandika Nyungwe katika Urithi wa Dunia. Basi wenzetu mnaopakana na msitu, ulizeni mkutanoni baada ya umuganda: fungu letu limejenga nini?

Kitabu kipo kwa katibu wa tawi. Anayekiazima akirudishe.