"Fierce" si "fier"

Mu barua za Kiingereza za kuomba kazi zenye wenzetu wananiletea nisome mbele ya kuzituma, sentensi moja inarudia sana: "I am fierce of my diploma." Mwenyewe anataka kusema "je suis fier", anajivunia diploma yake. Lakini mwenye kuajiri anayejua Kiingereza anasoma pale mtu mkali kama mbwa wa kulinda parseli. Andika "proud of".

Kuchanganya kunaeleweka, juu maneno hayo mawili yana babu mmoja. Kilatini kilisema "ferus", maana yake ya pori, isiyofugwa. Kifaransa cha zamani kikafanya "fiers", na Kiingereza kikaliokota humo, karne ya 13. Wakati ule lilibeba ukali na kiburi pamoja. Kisha wakagawana: Kifaransa kikabaki na kiburi, Kiingereza na ukali. Sisi wa agronomia tunamjua ndugu yao mwingine, "ferox": Aloe ferox, ule mshubiri wa Afrika ya Kusini wenye miiba kwenye majani.

Njo sasa mtego wetu sisi Waswahili: kufikiri "fierce" ni "kali", basi. Hapana, "kali" yetu ni pana kupita. Mbwa mkali ni "fierce dog", sawa. Jua kali na mapigano makali, inaenda pia. Lakini kisu kikali ni "sharp", pilipili kali ni "hot", pombe kali ni "strong". Na mwalimu mkali, yule anayekatala kukuongezea hata pointi moja, ni "strict". Ukimuita "fierce" umesema karibu anauma watu.

Kwa shamba neno linafaa vizuri. Mahindi na magugu yakinyang'anyana mwanga, maji na azoti, sana sana mu wiki za kwanza, hiyo ni "fierce competition". Watu mia wakigombea nafasi moja ya kazi, ni ile ile.

Marekani wanalitumia pia kwa kusifu: mtu aliyevaa akapendeza, anatembea bila woga, ni "fierce". Beyoncé aliliweka kwenye jina la albamu yake ya 2008, "I Am... Sasha Fierce". Ya jukwaa hiyo, isiingie mu barua ya kazi.

Ukiulizwa kwa mdomo, ni silabi moja tu, karibu na "fias". Usisome "fi-e-rse".