Umm Kulthum alicheza filamu sita tu, lakini fidla zake bado zinalia Magomeni

Nenda Magomeni au Mbagala usiku ambao kuna taarab. Kabla mwimbaji hajashika maiki, kitu cha kwanza utakachosikia ni fidla. Si moja, ni nyingi, zinapanda na kushuka kwa pamoja kama zimeambiana. Ukitupa jicho jukwaani, fidla hakuna hata moja. Kuna kijana na kinanda chake, kabonyeza kitufe, mambo yanaenda.

Mlio ule haukuzaliwa Dar es Salaam. Umepitia Zanzibar, na kabla ya hapo umepitia kwenye studio ya filamu iliyofunguliwa mwaka 1935 huko Giza, pembeni ya Cairo. Stelingi wa filamu ndefu ya kwanza ya studio hiyo alikuwa binti wa imamu wa kijijini, mwimbaji aliyefundishwa kusoma Qur'ani kabla ya kufundishwa kuimba mapenzi. Jina lake Umm Kulthum.

Wengi wanamjua kama sauti ya redio, yule mama wa miwani meusi na kitambaa mkononi. Wachache wanakumbuka kwamba kati ya mwaka 1936 na 1947 alikuwa staa wa sinema, kisha akaacha ghafla akiwa bado juu.

Alivyofundwa

Alizaliwa katika kijiji cha Tamay al-Zahayra, kwenye mashamba ya delta ya mto Nile. Kuhusu mwaka, vitabu vinabishana: vingine vinasema 1898, vingine 1904. Baba yake, Sheikh Ibrahim, alikuwa imamu wa msikiti wa kijiji, na kwa sababu kipato cha uimamu kilikuwa kidogo alikuwa akiimba kasida kwenye harusi na shughuli nyingine ili mkono uende kinywani. Alikuwa akimfundisha mwanawe wa kiume, Khalid. Binti alikaa pembeni akisikiliza, akashika vyote.

Baba alipogundua kipaji hicho akaanza kutembea naye kwenye shughuli, ila akamvisha nguo za kiume. Mtoto wa kike wa imamu kusimama mbele ya wanaume na kuimba, enzi hizo, ilikuwa ni aibu ya familia nzima.

Hapo ndipo ilipo shule yake. Ukisikia anaitwa mwimbaji wa "classic" usifikirie piano na noti za Ulaya. Shule yake ilikuwa chuo cha Qur'ani: herufi itoke mahali pake, irabu ivutwe kwa kipimo, pumzi isikatike katikati ya maneno. Aliyepita madrasa ya Temeke na kuchapwa kwa kukosea tajwidi anaelewa kabisa hiyo ni kazi ya namna gani. Juu yake likaja somo la pili baada ya familia kuhamia Cairo mwanzoni mwa miaka ya 1920: Sheikh Abu al-Ila Muhammad akamfundisha uimbaji wa kasida za zamani, na mshairi Ahmad Rami akamfungulia mashairi ya Kiarabu cha kale. Rami ndiye aliyekuja kumwandikia nyimbo nyingi kuliko mshairi mwingine yeyote.

Mwaka 1926 akafanya uamuzi mgumu. Aliwaweka kando ndugu zake waliokuwa wakimuitikia jukwaani, akachukua wapigaji halisi, akiwemo Muhammad al-Qasabgi kwenye udi. Sauti ile ya kijijini ikapata bendi ya mjini.

Sinema inaanza kusema

Filamu za sauti zilipoingia Misri mwaka 1932, wenye pesa waliona jambo moja haraka: watu wanataka kuwaona waimbaji. Tiketi ya onyesho la staa Cairo ilikuwa ghali, na staa hawezi kuwa miji mitatu usiku mmoja. Filamu inaweza. Unaiweka kwenye mkebe, unaipakia kwenye meli, inafika Beirut, Baghdad, Aden, mpaka Unguja.

Filamu ya kwanza ya nyimbo, Unshudat al-Fuad, ilitoka mwaka huohuo na haikufanya vizuri. Nyimbo zilikuwa ndefu mno na kamera imesimama tu kama imepigwa msumari. Mwaka uliofuata Mohammed Abdel Wahab akatoka na al-Warda al-Bayda. Huyu alishtukia mchezo: akafupisha nyimbo, hadithi ikapata nafasi ya kutembea. Filamu ikavuma kila mahali palipoongewa Kiarabu.

Umm Kulthum na Abdel Wahab walikuwa wapinzani wa kweli. Mashabiki wa huyu hawakutaka kumsikia yule. Kwa hiyo Abdel Wahab alipofanikiwa kwenye sinema, mwenzake asingeweza kukaa kimya.

Studio Misr ilijengwa kwa pesa za Benki ya Misr, benki ya wazalendo iliyoanzishwa na Talaat Harb mwaka 1920 ili Wamisri wamiliki uchumi wao. Filamu yao ya kwanza ndefu, Widad, ilitoka mwaka 1936 na kuonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Venice. Hadithi ni ya enzi za Wamamluki: mfanyabiashara amefilisika baada ya msafara wake kuporwa, na kijakazi wake mwimbaji, ambaye wanapendana, anajitolea auzwe ili bwana wake apate mtaji.

Leo hadithi hiyo inakera kidogo, na ni sawa ikikera. Ila angalia ujanja wake: kijakazi mwimbaji wa zamani ni mtu ambaye kuimba ndiyo kazi yake. Hakuna haja ya kueleza kwa nini ameanza kuimba katikati ya mazungumzo. Kati ya filamu zake sita, tatu zilitumia mlango huohuo. Dananir ya mwaka 1940 ilimpeleka Baghdad kwenye kasri la Harun al-Rashid, na Sallama ya mwaka 1945 ikampeleka enzi za Bani Umayya.

Sallama ina jambo ambalo mtu wa pwani atalifurahia. Imetokana na riwaya ya Ali Ahmad Bakathir, mwandishi Mhadharami aliyezaliwa Surabaya, Indonesia, na kuhamia Misri. Jina hilo la ukoo si geni Zanzibar. Sheikh Abdallah Bakathir alikuwa miongoni mwa wanazuoni wake wakubwa. Na ndani ya filamu hiyo ya mapenzi, Umm Kulthum anasoma aya za Qur'ani. Binti wa imamu, sasa staa wa sinema, anarudi kwenye somo lake la kwanza mbele ya kamera. Ni sehemu ambayo mtu anatakiwa kuitazama hata kama filamu nzima haimvutii.

Ishu ilikuwa dakika

Tatizo lake na sinema halikuwa sauti. Lilikuwa muda.

Neno "taarab" linatokana na Kiarabu tarab, yaani ile hali ya kuguswa na muziki mpaka unajisahau. Hali hiyo haiji kwa dakika tatu. Umm Kulthum akiwa jukwaani aliimba mstari mmoja, watu wakapiga kelele, akaurudia kwa namna nyingine, wakapagawa zaidi, akaurudia tena. Wimbo mmoja uliweza kwenda saa nzima, na usiku uliofuata wimbo uleule ukawa na urefu tofauti, kwa sababu waliokaa mbele yake walikuwa tofauti.

Anayehudhuria taarab Uswahilini hahitaji kuelezwa. Mama anayenyanyuka na noti mkononi kwenda kumtunza mwimbaji kwenye mstari uliomchoma anafanya kazi ileile: anamwambia rudia hapohapo. Na mwimbaji mjanja anarudia.

Sasa ondoa watu wote hao. Weka taa kali, fundi wa sauti, na mtu anayesema "kata". Katika filamu za nyimbo ilizoeleka wimbo kurekodiwa kwanza, kisha msanii anafuatisha kwa midomo huku kamera inazunguka. Hakuna wa kumuitikia, hakuna wa kuomba arudie, na dakika zimehesabiwa. Mtunzi naye inabidi abane kila kitu: utangulizi mfupi, ubeti, kiitikio, kwisha.

Cha ajabu ni kwamba ubanaji huo ulimfaa kuliko mashabiki wake wa zamani wanavyopenda kukiri. Nyimbo za filamu zilimlazimisha aingie moja kwa moja, na tunapata kumsikia akiwa kijana, sauti nyepesi na ya juu, kabla ya ule uzito wa miaka ya baadaye. Pia zilimsogeza karibu na lugha ya mtaani. Kwenye Sallama, mashairi ya Bayram al-Tunisi na muziki wa Zakariya Ahmad vina ladha ya watu wa kawaida, si ya makasri.

Si zote zilizolipa. Aida ya mwaka 1942 ilibuma. Ilijaribu kuingiza opera ndani ya filamu, ikichukua hadithi ya opera ya Verdi iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza duniani hapohapo Cairo mwaka 1871. Watazamaji walikuja kumsikia Umm Kulthum wao, wakakutana na kitu ambacho hakikuwa opera kamili wala tarab kamili. Al-Qasabgi, mmoja wa watunzi wa muziki huo, taratibu akaacha kumtungia. Aliendelea kukaa nyuma yake jukwaani akipiga udi mpaka alipofariki mwaka 1966, mtunzi mkubwa aliyegeuka mpigaji tu wa bendi.

Filamu ya mwisho, Fatma, ilitoka mwaka 1947. Humo si kijakazi wa kasri, ni nesi wa mtaa wa kimaskini anayeolewa na mdogo wa pasha kwa ndoa isiyosajiliwa, kisha mwanaume anamkana. Majirani wa uswahilini kwao wanasimama naye mpaka mahakamani. Kama kuna filamu yake moja ambayo ingetafsiriwa leo na watu wa Tandika wakaielewa bila maelezo, ni hii.

Baada ya hapo akaacha sinema. Taa za studio zilikuwa zikimuumiza macho, na miaka hiyo alianza kusumbuliwa na maradhi ya tezi ya shingo. Pia hakuwa na shida ya kamera tena. Tangu mwaka 1937 redio ya Cairo ilikuwa ikirusha maonyesho yake ya Alhamisi ya kwanza ya mwezi, moja kwa moja, watu na kelele zao ndani. Redio ilimfikisha mbali kama filamu, ila haikumwambia "kata". Maonyesho hayo yaliendelea mpaka mwaka 1973, miaka miwili kabla ya kifo chake. Abdel Wahab? Walikuja kufanya kolabo yao ya kwanza mwaka 1964, Inta Umri, wimbo wa karibu saa nzima.

Mzigo unatua Unguja

Zanzibar ilikuwa tayari ina uhusiano na muziki wa Misri. Simulizi maarufu zaidi ni kwamba Sultan Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alileta wapigaji kutoka Misri na kumpeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze ganuni. Klabu ya Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905. Siti binti Saad akaichukua taarab kutoka kwenye Kiarabu cha makasri na kuiimba kwa Kiswahili, akarekodi santuri Bombay mwaka 1928.

Lakini santuri unaisikia tu. Filamu ilileta macho. Vijana wa klabu za Unguja waliwaona wapigaji wa Cairo wakiwa wamekaa kwa safu na suti zao, fidla nyingi upande mmoja, sello na besi nyuma, akodiani pembeni. Kumbe bendi inaweza kuwa kubwa hivi! Bendi za mwanzo za Umm Kulthum zilikuwa za watu wachache. Filamu, ambayo sauti yake lazima ijaze ukumbi, iliwazoesha watu okestra kubwa. Miaka ya 1940 na 1950 klabu za Zanzibar zikapanuka kwa mtindo huohuo, na tuni za filamu za Misri zikavishwa maneno ya Kiswahili.

Watazamaji wengi hawakujua Kiarabu, kama ambavyo hawakujua Kihindi kwenye filamu za Bombay zilizotawala kumbi hizohizo. Haikuwazuia. Wanawake walikuwa hata na maonyesho yao wenyewe, wanaume marufuku, na ukumbi ulijaa.

Dar es Salaam nayo haikubaki nyuma. Klabu mbili kubwa za taarab za enzi za ukoloni zilikuwa Al-Watan na nyingine iliyojiita waziwazi Egyptian Musical Club. Jina tu linatosha kukuonyesha walikuwa wakimtazama nani. Kuanzia mwaka 1954 redio ya Cairo ikaanza pia kutangaza kwa Kiswahili, kamba nyingine ikafungwa.

Kilichofuata ni habari ya jijini: mipasho ya miaka ya 1990, Khadija Kopa na TOT upande huu, Nasma Khamis na Muungano upande ule, kisha Jahazi na taarab ya kisasa. Okestra ikapungua kwa sababu ya gharama. Watu kumi na tano wa kulipwa, kupakiwa kwenye Coaster na kulishwa, au mtu mmoja na kinanda? Mwenye bendi alipiga hesabu mara moja tu.

Sasa ishu ya dakika imerudi. Kibao cha taarab cha dakika kumi na zaidi kinakatwa vipande vya sekunde thelathini vya simu, na mwimbaji anarekodi sauti chumbani peke yake, mbele ya maiki, hakuna mama wa kunyanyuka na noti. Filamu za Umm Kulthum zenyewe zimo YouTube, picha nyeusi na nyeupe, sauti ikikwaruza. Anayetaka kuanza aanze na Dananir, aruke maongezi kama hayaelewi, asubiri fidla ziingie.