Jina Moja Halitoshi: Funzo la Reli za Jirani kwa Askari Anayejiundia Kompyuta

Huko Kidatu, mkoani Morogoro, reli mbili hukutana lakini haziungani. Moja ni tawi la Reli ya Kati linalotoka Kilosa, ambalo upana wake kutoka chuma hadi chuma ni milimita 1,000. Ya pili ni Reli ya Uhuru, yaani TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975. Upana wake ni milimita 1,067, kwa kuwa ilipasa ilingane na reli za Zambia na za nchi zilizo kusini yake. Tofauti iliyopo ni milimita 67, ambazo hazifiki upana wa kiganja cha mtu mzima. Hata hivyo, milimita hizo zinatosha kabisa kulizuia behewa la Tabora lisifike Kapiri Mposhi. Ndiyo sababu hapo Kidatu kilijengwa kituo cha kuhamishia mizigo kutoka behewa hadi behewa.

Katika miaka ya karibuni, Kenya na Tanzania zimejenga reli mpya zenye upana mmoja wa milimita 1,435. Ile ya Mombasa hadi Nairobi ilianza kuchukua abiria mwaka 2017, na ile ya Dar es Salaam hadi Dodoma ilianza mwaka 2024. Lakini treni za Kenya zilianza kwa kuvutwa na injini za dizeli, na za Tanzania zikaanza kwa umeme wa nyaya zilizo juu ya njia. Kwa hiyo hata pale ambapo magurudumu yangeingia barabara katika njia ya jirani, injini ya umeme isiyokuta nyaya ingesimama tu. Kulingana kwa umbo ni jambo moja. Kulingana kwa nguvu na mwendo ni jambo jingine.

Funzo hilo la nchi jirani linamhusu sana askari wa jeshi au wa polisi ambaye siku hizi anaweka akiba ili ajiundie kompyuta ya mezani kwa ajili ya kazi za nyumbani. Wako wanaojiandaa kustaafu na kufungua ofisi ndogo ya kuchapa barua na kutunza hesabu. Wako wanaosoma masomo ya jioni, na wako ambao watoto wao wanahitaji chombo cha kujifunzia. Vipuri vyake hununuliwa Kariakoo, au Luthuli Avenue jijini Nairobi, na wengine hurudi navyo kutoka katika ulinzi wa amani nje ya nchi. Kipuri kisichofaa, kikishavushwa mpaka wa Namanga, si rahisi kurudishwa. Nauli ya kwenda na kurudi huweza kuzidi bei ya kipuri chenyewe, na akiba ya miezi mingi ikaishia kabatini.

Yafaa kwanza kueleza ni kwa nini mtu wa kawaida anaweza kujiundia kompyuta. Tarehe 12 Agosti 1981, kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta yake ndogo ambayo sehemu zake nyingi zilinunuliwa kwa makampuni mengine, na mpangilio wake ukaelezwa wazi katika vitabu. Haukupita muda, makampuni mengine, ikiwamo Compaq, yakatengeneza kompyuta zilizoweza kufanya kazi ileile. Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitangaza kipimo kiitwacho ATX, ambacho kilipanga ukubwa wa bodi kuu, mahali pa matundu ya skrubu na umbo la plagi za umeme. Tangu hapo kasha la kiwanda kimoja hupokea bodi ya kiwanda kingine. Uhuru huo wa mnunuzi umetokana na vipimo vilivyokubaliwa, na asiyevijua vipimo hivyo hawezi kuufaidi.

Askari anaielewa hali hii kuliko raia wengi. Katika ghala la silaha, risasi ya milimita 7.62 si moja. Ile ya bunduki za jamii ya AK ina ganda lenye urefu wa milimita 39, na ile ya G3 na FAL ina ganda la milimita 51. Mtunza ghala anayetoa risasi kwa kusoma namba ya kwanza peke yake anawapeleka wenzake mahali pa hatari. Vipuri vya kompyuta navyo viko hivyo hivyo, na makosa yake ni ya namna tatu: kipuri kisichoingia, kipuri kinachoingia lakini hakifanyi kazi, na kipuri kinachoingia kisha kikaunguza vingine.

Namna ya kwanza ni nafuu kuliko zote, maana hujidhihirisha mapema. Vipande vya RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, vya aina ya DDR4 na DDR5 vyote vina pini 288 na urefu ulio sawa. Lakini pengo lililokatwa katika ukingo wake halipo mahali pamoja, na mpangilio wa umeme wake ni tofauti. Cha DDR5 hakiingii katika nafasi ya DDR4, na anayekilazimisha kwa nguvu za mkono huvunja bodi. Prosesa nazo zina soketi zake. Za AMD zilizotumia soketi ya AM4 hazikai katika AM5 iliyotoka mwaka 2022. Za Intel za vizazi vya 12, 13 na 14 hukaa katika LGA1700, na zile za Core Ultra zilizotoka mwaka 2024 kwa kompyuta za mezani zikahamia LGA1851.

Namna ya pili huwahadaa hata mafundi. Prosesa za Intel za kizazi cha 6 na cha 7, pamoja na zile za kizazi cha 8 na cha 9, zote zilitumia soketi yenye jina moja, LGA1151. Hata hivyo, bodi zilizotengenezwa kwa ajili ya vizazi viwili vya kwanza haziwashi vizazi viwili vya baadaye. Vipuri vya aina hiyo vimejaa katika maduka ya vitu vilivyotumika, na muuzaji anaweza kusema kwa moyo mweupe kwamba vinaingiana. Ni kweli vinaingiana, lakini havielewani.

Hali ni hiyo hiyo kwa diski za SSD za umbo la M.2, zenye upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80. Nyingine huzungumza kwa njia ya SATA, nyingine kwa njia ya NVMe iliyo na kasi zaidi. Kwa macho zinafanana kama pacha. Nafasi iliyo katika bodi huenda ikapokea aina zote mbili au moja tu, na jibu limo katika kitabu cha bodi. Tena bodi iliyotoka kiwandani kabla ya prosesa kuvumbuliwa huenda isiitambue mpaka BIOS yake, yaani programu ya kuiamsha kompyuta, iwekwe toleo jipya. Mnunuzi hana budi kumwuliza muuzaji toleo lililomo, tena kabla hajalipa.

Herufi moja pia yaweza kumwacha mtu gizani. Prosesa ya Intel Core i5-12400 ina uwezo wa kutoa picha kwenye skrini. Ile ya i5-12400F haina, na humlazimu mwenye nayo anunue kadi ya picha. Kwa upande wa AMD, Ryzen 5 5600G inatoa picha yenyewe, lakini Ryzen 5 5600 isiyo na herufi hiyo haitoi. Kwa mtu anayetaka kuandika, kupiga hesabu, kusoma barua pepe na kuhudhuria mikutano ya video, kadi ya picha ni gharama isiyo ya lazima. Herufi hiyo moja basi ni fedha.

Namna ya tatu ndiyo ya kuogopwa. Pawasaplai nyingi za siku hizi hupokea umeme wa volti 100 hadi 240 bila kurekebishwa. Lakini za zamani, hasa zilizotoka Amerika ya Kaskazini, zina swichi ndogo nyekundu mgongoni iliyoandikwa 115 na 230. Katika Afrika Mashariki umeme wa nyumbani ni kati ya volti 220 na 240. Pawasaplai iliyoachwa kwenye 115 hupasuka mara inapowashwa. Kuna pia pawasaplai zenye nyaya za kuchomoa. Nyaya za kampuni moja mara nyingi huingia katika tundu la pawasaplai ya kampuni nyingine, lakini mpangilio wa pini zake ni tofauti. Diski iliyounganishwa namna hiyo huweza kuungua mara moja, pamoja na kumbukumbu zote zilizomo. Kanuni hapa haina mjadala: nyaya hazitenganishwi na pawasaplai yake, wala haziazimwi.

Tahadhari ya namna hiyo inahitajika pia kwa kompyuta za ofisi zilizotumika ambazo huuzwa kwa bei nafuu. Nyingi ni imara. Lakini baadhi ya makampuni makubwa yaliziwekea bodi na plagi za umeme za umbo lake yenyewe, zisizofuata ATX. Mwenye kompyuta hiyo, pawasaplai yake ikifa, hawezi kununua yoyote dukani. Itambidi atafute ya aina hiyo hiyo. Amepata bei nafuu, lakini ameupoteza uhuru uliotajwa hapo juu.

Basi mpango wa kununua uweje? Kama ilivyo katika operesheni, kazi hutangulia, vifaa hufuata. Askari na aandike kwanza kompyuta itafanya nini, kisha achague prosesa. Prosesa huamua soketi. Soketi huamua bodi. Bodi huamua aina ya RAM, aina ya diski na ukubwa wa kasha. Pawasaplai huja baada ya kujua vyote hivyo vinahitaji umeme kiasi gani. Anayeanza na kasha linalong'aa, kisha akatafuta vya kutia ndani, ameanza safari kwa nyuma.

Mfano wa kompyuta ya kazi za ofisi ni huu. Prosesa Ryzen 5 5600G, yenye viini sita na kiwango cha wati 65, hukaa katika soketi ya AM4. Inafaa kwa bodi ya B550, ikiwa BIOS yake inaitambua. Bodi hiyo hutumia DDR4, na vipande viwili vya gigabaiti 8 ni bora kuliko kimoja cha 16, kwa sababu prosesa huvisoma vyote viwili kwa wakati mmoja. Diski ya NVMe ya gigabaiti 500 inatosha kwa nyaraka za miaka mingi. Pawasaplai nzuri ya wati 450 inazidi mahitaji yote hayo. Bodi ikiwa ya kipimo kidogo cha micro-ATX, chenye upande wa milimita 244, kasha la micro-ATX au la ATX litaipokea. Anayependa Intel anaweza kuchukua Core i3-12100 na bodi ya H610. Lakini asisahau kwamba bodi za H610 zipo za DDR4 na zipo za DDR5, na bodi nyingi hupokea aina moja tu.

Programu nazo zina masharti yake. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hudai kinga iitwayo TPM 2.0 pamoja na prosesa iliyo katika orodha yake. Prosesa mbili zilizotajwa zimo. Nyingi za zamani, zikiwamo zile za Intel za kizazi cha 6 na karibu zote za kizazi cha 7, hazimo. Asiye na fedha za leseni anaweza kutumia Ubuntu na LibreOffice, ambazo hutolewa bila malipo.

Kabla ya kutoa fedha, majina kamili ya vipuri yaandikwe kwenye karatasi moja, pamoja na kila herufi ya mwisho. Kila jina lilinganishwe na orodha ya prosesa na ya RAM ambayo mtengenezaji wa bodi huitoa katika tovuti yake. Muuzaji atoe stakabadhi yenye majina hayo hayo na siku za kurudisha. Vipuri vikifika nyumbani, viunganishwe kwanza juu ya meza na kujaribiwa kabla ya kufungwa katika kasha. Na fundi aguse chuma kitupu kabla ya kugusa bodi, ili umeme tuli wa mwilini usiiharibu.

Hayo yote si kazi ya mtaalamu peke yake. Ni kazi ya ukaguzi, na ukaguzi ni desturi ya kila kikosi na kila kituo cha polisi. Mtu anayeweza kukagua silaha kwa namba yake asikubali kununua bodi kwa sura yake. Wajenzi wa TAZARA walijua wazi kwa nini walichagua milimita 1,067, na wakajua pia gharama ya uchaguzi huo. Mnunuzi wa kompyuta naye na achague akijua, maana gharama ya kutojua hulipwa kwa mshahara wake mwenyewe.